Gitega Si Mahali pa Kujificha

Keziya mwanangu,

Nimeikimbia nyumba yangu mwenyewe. Watu wamejaa uani tangu mchana, kwaya imekuja na mabenchi ya kanisa vichwani, baba yako anagawa soda huku akicheka na kila anayempa mkono, na jirani yetu anamweleza kila mgeni, kana kwamba ni yeye aliyekuzaa, kuwa wewe ndiwe mtoto wa kwanza wa kilima chetu kwenda chuo kikuu. Nimeshukuru watu mpaka taya zinauma. Basi nimechukua ufunguo nikaja hapa darasani kwangu, nimekaa na chaki zangu, nakuandikia kabla jua halijazama. Wakiniulizia, baba yako atawaambia nasahihisha madaftari.

Mambo ya sabuni, dawa ya malaria, kufunga mlango na kutotembea gizani peke yako sitayaandika. Baba yako amekwisha kukwambia yote, atakwambia tena kesho asubuhi, na atayarudia dirishani gari likiwa limewashwa. Mimi nina jambo moja tu, na unalijua. Ni kuhusu mahali utakapolala.

Tangu Jumapili hatusemezani vizuri. Uliniambia unataka chumba kampasi kule Gitega, pamoja na wenzako. Nikakujibu kuwa utakaa mtaa wa Nyamugari kwa Mama Hadija, ambako nilikaa mimi nilipokuwa nasoma Gitega, na kwamba maneno yameisha. Ukaanza kuosha vyombo kwa kuvigonganisha mpaka nikazihurumia sahani zangu. Halafu ukanigeukia na mikono yako imejaa povu: "Mama, unanipeleka chuo au unanipeleka kujificha?"

Nilikujibu vibaya. Nilisema watoto wa siku hizi hawana adabu. Ukweli ni kwamba lile swali lilinichoma, na nililala nalo, nikaamka nalo, nikafundisha nalo darasa la nne wiki nzima. Sasa nina jibu. Univumilie tu, maana mwalimu hajui kujibu kwa kifupi.

Unajua nilikulia kambini, Tanzania. Habari za foleni za unga na za mahema umezisikia mpaka umechoka. Ambacho sijakusimulia ni namna tulivyolelewa. Babu yako, Mungu amrehemu, alitufundisha kuishi bila kuonekana. Ukiwa kwenye foleni, usiongee. Ukiulizwa kwenu ni wapi, taja mkoa tu, usitaje kilima unachotoka. Ukiingia chumbani, kaa karibu na mlango. Na begi halifunguliwi lote: unatoa nguo ya leo, unarudisha ya jana, unafunga zipu. Alikuwa na sababu zake, na simlaumu hata kidogo. Alitaka tufike tukiwa hai, na tulifika.

Tuliporudi Burundi, hapa Butihinda, nilikuwa msichana mkubwa. Akanitafutia nafasi Gitega, kwenye shule ya kufundisha walimu, na akaniombea pa kulala kwa Mama Hadija. Huyo mama alikuwa anauza vitenge, na walifahamiana na babu yako tangu Kigoma. Sisi watu wa kanisani, yeye mtu wa msikitini, na sikumbuki hata siku moja iliyotokea shida kwa sababu hiyo. Alinipa kitanda, akanipa ndoo ya kuogea, akaniambia nyumba ni yangu.

Sasa sikia nilichofanya. Nilikwenda Gitega kusoma, nikaishi kama mkimbizi mwaka mzima. Darasani nilikaa karibu na mlango. Kifaransa changu kilikuwa cha kuokoteza, Kirundi changu kilikuwa na harufu ya Tanzania, na nikifungua mdomo vichwa vinageuka, basi nikaufunga. Nilipoulizwa kwetu ni wapi nilitaja mkoa tu, "Muyinga", nikaangalia pembeni. Kengele ikilia, mimi ndiye wa kwanza barabarani. Nakimbilia Nyamugari, kwenye Kiswahili changu, kwenye chai ya tangawizi na redio na vicheko vya wateja wa Mama Hadija. Na begi lilikaa mlangoni, zipu imefungwa.

Nilikuwa na raha, Keziya! Hapo ndipo ubaya ulipo, maana lilikuwa kosa ambalo halina anayelikemea. Nilikuwa salama, nilishiba, madaftari yangu yalikuwa safi. Nani angenigombeza? Mwisho wa mwaka mwalimu akawa anasoma matokeo mbele ya darasa. Akafika kwenye jina langu, akaangalia huku na huku, akauliza, "Huyu Imelda, yupo kweli?" Nilikuwa nimekaa palepale, karibu naye kabisa. Darasa likacheka, na wengine walicheka kwa sababu nao walikuwa hawajui. Na nilikuwa nimefaulu, tena vizuri. Nilibeba cheti cha mwaka huo mpaka nyumbani, wala sikumwonyesha mtu.

Mama Hadija ndiye aliyeona. Muhula mpya ulipoanza, alinitazama siku kadhaa, halafu akaniita akiwa anakunja vitenge vyake.

"We Imelda, mi nakuangalia tu. Unafika, unakula, unalala, unatoka. Hii nyumba iko hoteli? Wenzako wako wapi? Hata mumoja sijamuona hapa."

"Sina, mama."

"Huna? Mwaka muzima? Ala!"

Akaendelea kukunja vitenge. Nikadhani yameisha. Jumamosi iliyofuata nilitoka kuteka maji, niliporudi nikakuta mlango umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Akachungulia dirishani.

"Leo hapa hakuna chakula, hakuna kitanda. Shule yenu iko na sikukuu kesho, mabinti wote wako kule wanapika. Nenda. Kesho urudi na rafiki. Kama huna rafiki, usirudi."

"Mama, begi langu..."

Akalipitisha dirishani. Lilikuwa tayari, kama siku zote, hakuwa na haja hata ya kulipanga. Akafunga dirisha.

Mwanangu, mimi nilijua nimefukuzwa. Mtu aliyekulia kambini akipewa begi lake hahitaji maelezo. Nililiweka kichwani nikaipita Gitega yote nikilia, tena nikilia bila sauti ili watu wasinitazame. Nilikuwa hata sijui ninakwenda wapi, miguu ndiyo iliyojua njia ya shule.

Getini nikakutana na Perpetua. Ndiyo, Perpetua wako, shangazi yako wa Mutaho, yule anayekuletea parachichi. Wakati huo alikuwa msichana tu wa darasani kwetu anayejibu maswali yote. Mimi nilijua jina lake, yeye hakujua langu. Alikuwa amebeba sufuria kubwa ya maharage.

"Wee, unasafiri?"

"Nimefukuzwa."

"Umefanya nini?"

Nikafikiri. Nikaona hakuna jibu jingine. "Sina rafiki."

Perpetua akaweka sufuria chini ili acheke vizuri. Alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe. Nikataka kukasirika, nikashindwa, nami nikacheka na machozi yangu usoni. Alipomaliza akajifuta macho, akaniambia, "Basi shika upande ule, ni nzito." Hivyo tu. Tukaingia na maharage yetu.

Siku ile nilimenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi. Jioni wasichana walikuwa bwenini wanafanya mazoezi ya ngoma yao, na mmoja wao hakuwa na kitenge cha kufunga. Nikafungua begi. Nikatoa kimoja. Mwingine akaomba, nikatoa cha pili. Mwishowe nikachoka kuchagua, nikalimwaga lote kitandani mbele yao: vitenge, soksi, Biblia, na kile kijiko cha kambini ambacho nilikuwa nakibeba bila kujua kwa nini. Hakuna aliyeshangaa. Walichukua walichohitaji, wakaendelea kucheza. Mimi nilikaa pembeni ya kitanda na begi tupu mapajani, nikasikia mabega yameshuka.

Kisha wakakosa wimbo wa kumalizia. Kila mmoja anataja, wengine wanakataa. Nikajikuta nimesema, "Mimi nina mmoja." Ulikuwa wimbo wa kwaya yetu ya kambini, wa Kiswahili, ule ninaouimba nikipepeta maharage. Nikawafundisha. Kesho yake tukauimba mbele ya wazazi na walimu, mimi nikiongoza, na tulipofika kwenye kiitikio watu wakasimama wakaanza kupiga makofi. Yule mwalimu wa matokeo akauliza kwa sauti, "Anayeongoza ni nani? Anatoka wapi?"

Nikamjibu mwenyewe, kabla mtu hajanijibia. "Imelda. Natoka Butihinda!"

Oo Keziya, laiti ungekuwepo. Hata leo nikikumbuka nasimama wima. Jioni nilirudi Nyamugari na kundi zima nyuma yangu. Mama Hadija akatoka mlangoni, akashika kiuno: "Mi nilisema rafiki mumoja, we unaniletea kijiji!" Akapika, wakala, wakamaliza hata kilichokuwa cha kesho. Na muhula ule ule akaniombea bweni shuleni. Alinisindikiza yeye mwenyewe, na mlinzi alipouliza kibali alimfokea mpaka akatubebea mizigo.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo nilikuwa na akili. Nilitoka mafichoni kwa kishindo. Kwaya mimi, mpira wa wavu mimi, maigizo mimi, kikundi cha maombi mimi, mgonjwa akitembelewa mimi ndiye wa mbele. Masomo nikayaona siku za mitihani. Nikaanguka masomo mawili, nikaambiwa nirudie mtihani wakati wenzangu wapo likizo. Hilo nalo ni kosa langu, na ni kosa la watu waliokaa na njaa muda mrefu: wakikuta chakula wanajaza sahani isiyobebeka. Utaona vikundi vingi kule, kila kimoja kitakuvuta mkono. Chagua kimoja unachokipenda mpaka unakiota, ukifanye vizuri. Vingine waachie wenye navyo.

Moja ya yale masomo lilikuwa Kifaransa. Nilijifungia bwenini nikalia siku nzima. Perpetua akaja, akanitazama, akasema kule kwao Mutaho shamba likimshinda mtu hawamwachi alie ndani yake, wanaitana ikibiri: leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule, mpaka vilima vyote vimelimwa. Sisi pia tunalima hivyo hapa, unajua. Akauliza, "Kwa nini masomo tunalima kila mtu peke yake?" Yeye alikuwa anazipuuza hesabu, mimi nilikuwa nazipenda. Mwingine alikuwa na saikolojia, mwingine historia. Tukapanga zamu za wiki zilizobaki kabla ya likizo. Siku ya kwanza ya Kifaransa nilisoma insha yangu kwa sauti mbele yao, jasho likanitoka mpaka mgongoni. Walinisahihisha kila mstari. Nilitamani ardhi inimeze. Wiki iliyofuata wakasahihisha mistari michache, na iliyofuata mmoja wao akaninakili.

Ndiyo maana nakuomba usiwe na kikundi cha watoto wa Muyinga peke yao. Kaa nao, cheka nao, ni ndugu zako. Lakini ukitafuta watu wa kulima nao, mtafute wa Bururi kule kusini, mtafute yule mtoto wa Kikongo ambaye wazazi wake wanauza vitu sokoni, mtafute hata yule anayekuudhi kwa kujua kila kitu. Hasa huyo! Mwonyeshe usichokijua. Ni aibu ya dakika chache, kisha inapita, na wewe unabaki na kitu mkononi.

Na walimu. Perpetua alinisukuma mpaka mlangoni kwa mwalimu wa Kifaransa, akagonga yeye, akakimbia. Nilimkuta yule mzee amekaa peke yake na chai yake imepoa. Nilidhani atanifukuza. Akavuta kiti. Akaniambia amekaa ofisini mle miaka mingi na hakuna mwanafunzi aliyekuja kumuuliza kitu isipokuwa kulalamikia maksi. Alinifundisha likizo nzima. Kwa hiyo ukimwona profesa mkali, usimwogope kwa sababu ya miwani. Mgongee. Wengi wamekaa tu wanasubiri mtu agonge.

Nilirudia mtihani nikapita. Nikamaliza shule. Na Kiswahili kile nilichokuwa nakificha, leo nakifundisha kwa sauti katika chumba hiki, watoto wananiitikia mpaka bati linatetemeka. Nimekusimulia yote haya ili ujue kwamba cheti changu kiko ukutani, lakini kule Gitega walionipa maisha ni Perpetua na wenzake. Hao nisingewapata Nyamugari.

Sasa utauliza, kama mama anajua haya yote, kwa nini alitaka kunipeleka kulekule alikojificha yeye? Ni swali zuri. Niliogopa, mwanangu. Wewe ndiwe wangu. Nilipofikiria wewe umelala mahali ambapo sijui hata dirisha linaelekea wapi, yale ya babu yako yote yalinirudia: akae karibu na mlango, akae na watu tunaowajua, asionekane. Nilijiambia ni busara. Ilikuwa hofu, imevaa nguo za busara. Na ulipouliza lile swali lako na mapovu yako, uliivua nguo mbele yangu, ndiyo maana nikapayuka.

Jana nilimpigia simu Mama Hadija kumpa taarifa kwamba unakuja. Amezeeka, lakini sauti ni ileile. Alifurahi, akapiga kelele, akawaita watu wa nyumbani wote wasikie kwamba mtoto wa Imelda anaingia chuo kikuu. Halafu akarudi kwenye simu.

"Nyumba iko yake, anajua. Siku ya Idi aje kula, nitamuwekea nyama. Lakini kulala, alale na wenzake kule. Mi nimezeeka, we Imelda. Sina tena nguvu ya kufukuza mutoto mwingine."

Nilicheka peke yangu uani mpaka baba yako akatoka kuangalia kuna nini. Nilipomweleza, akakuna kichwa, akasema anafurahi sana kusikia hivyo, kwa sababu godoro lako la kampasi ameshalinunua na amelificha kwa jirani. Msinione mjinga nyinyi wawili. Nililiona likipita nyuma ya migomba tangu Jumanne.

Basi jibu langu ni hili. Sikupeleki kujificha. Utalala kampasi, pamoja na wenzako, kwenye godoro lako. Nilikuwa nimepanga kusafiri nawe, nikukabidhi kwa mtu, nikague vitanda, niulize maswali ya aibu. Sisafiri. Kiti changu kwenye gari kitakaliwa na godoro. Mimi nitakusindikiza mpaka parkingi ya mabasi ya Muyinga, nisimame nje, na wewe upande peke yako.

Nakuonya kabisa: sitasimama kimya. Nimeishi kimya vya kutosha. Gari likianza kutoka nitapiga vigelegele vyangu vyote, palepale katikati ya madereva na wauza ndizi na watu wa bodaboda, na wakigeuka kunitazama nitawaelekezea kidole dirishani kwako. Wakiuliza yule ni nani, nitawaambia kwa sauti ambayo utaisikia njia nzima mpaka Karusi: ni Keziya, wa Butihinda, wa Imelda na Nestori, anakwenda chuo kikuu Gitega! Usiiname, mwanangu. Usijifunike kitambaa. Toa kichwa chako chote dirishani wakuone.

Ni mimi mama yako, ambaye kesho gari likishaondoka sauti itakuwa imemkauka,
Imelda